Nani Atalipasha Joto Kaburi la Mama

Changsha, 14 Septemba 1986

Mdogo wangu Yuecheng,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, au angalau wazima kwa kiasi mnachopenda kuniambia. Huku hatujambo. Shemeji yako anakohoa na anavuta sigara, na ukimwambia kwamba mambo hayo mawili ni ndugu anakutazama kama umemtukania ukoo. Mpwa wako amepata nafasi chuo cha ualimu. Sasa nyumba itakuwa na walimu wawili na hakuna atakayemsikiliza mwenzake. Mwambie wifi Qiulian pilipili zake zimefika. Tulizikaanga Jumapili na ghorofa nzima ikalia.

Sasa tuseme yenyewe. Nilipokuja mwezi uliopita nilikaa na daktari aliyempima Mama. Uvimbe ule wa tumbo hautapona. Huenda akauona Mwaka Mpya, huenda asiuone. Ninyi mliambiwa ni vidonda. Ndiyo tabia ya waganga wetu: humdanganya anayeuguza, humwambia ukweli anayepanda basi kuondoka.

Wewe ndiye mwanawe wa kiume, huna mwenzako. Siku ile ya harusi kwa jirani, walipowasha mkanda wa fataki mlangoni ukajitupa chini nyuma ya hori la nguruwe, Babu wa Tisa, kwa ukubwa wake wa ukoo, alisema mbele ya watu, nami bakuli mkononi: "Huyu ndiye atakayemzika mama yake? Tumtafutie bibi yule mwana wa kukopa, mtoto wa baba mdogo, ashike nafasi." Watu wakacheka. Nikamwambia, "Babu, Wajapani walipopita hapa ulikaa pangoni mpaka ndevu zikaota kuvu, na hakuna aliyemtafutia mkeo mume wa kukopa." Wakacheka zaidi, lakini kicheko si ushindi. Ukishindwa kusimama kaburini kama mwana, jina la mwingine litachongwa kwenye jiwe la Mama, nawe utaishi kijiji hicho kama mpangaji.

Mwaka jana ulipotoka vitani mpakani walikubandika ua jekundu kifuani, wakakuzungusha mashuleni uwasimulie watoto jinsi tulivyoshinda. Hakuna aliyekuuliza unalalaje. Ulipoacha kulala, zahanati ikakuandikia "udhaifu wa neva" na vidonge vya vitamini. Udhaifu wa neva! Nchi hii mjane ana udhaifu wa neva, mwalimu aliyetemewa mate na wanafunzi wake ana udhaifu wa neva, na askari aliyeishi chini ya mizinga naye ana udhaifu huohuo na vidonge hivyohivyo. Hilo si jina la ugonjwa, ni blanketi la kufunikia swali.

Nimesoma maktabani, katika jarida la matibabu, kwamba wenzetu wa nje wamelipa jambo hili jina lake. Ni kiwewe kisichotaka kuondoka. Mtu amepita hatarini, hatari imekwisha, lakini mlinzi aliye ndani ya mwili wake hajaletewa wa kumpokea zamu. Anaendelea kulinda. Kelele, harufu, hata mwanga wa namna fulani, kila kitu kwake ni adui. Si woga. Si pepo. Na si udhaifu, sikia, si udhaifu. Hapa Changsha yupo daktari kijana ambaye naye amesoma. Njoo.

Na kuhusu mazishi, niachie mimi. Hakutakuwa na fataki.

Dada yako,
Ruizhen

*

Kijijini, 22 Oktoba 1986

Dada,

Salamu. Nimechelewa kwa sababu ya mavuno ya viazi. Shemeji aache sigara. Hongera kwa mpwa. Xiaoman sasa ana miaka minne na anajua kutukana. Ukija utamsikia, maneno yako mengi anayo.

Viazi ni vingi. Qiulian aliviingiza mwenyewe kwenye shimo la kuhifadhia, mimi nikimpa vikapu kutoka juu. Majirani wakasema, "Tazama bwana mkubwa, mke chini mume juu." Qiulian akawajibu kutoka shimoni kwamba angalau wake anajua kushika kikapu. Lakini jioni hakunisemesha.

Nilimsomea Mama barua yako, nikairuka sehemu ile ya daktari. Nilipofika kwenye fataki akaweka chini mrija wa karatasi aliokuwa akiusokota.

"Hakutakuwa na fataki wapi?"

"Kwenye sherehe, Mama."

"Sherehe gani? Nimesokota fataki tangu sijang'oka meno ya utotoni. Wilaya nzima nimewaozea na kuwazikia kwa mikono hii. Halafu mimi nizikwe kama paka?"

"Nani amesema kuzikwa, Mama?"

"Wewe. Macho yako yameruka mistari, nimeyaona. Ulikuwa ukifanya hivyohivyo ukisoma ripoti ya shule."

Basi amejua.

Dada, fataki si tabu. Ile ya harusi ilinikuta sijaiona. Mimi nasokota mirija kila siku, naziba kwa udongo, Qiulian anatia utambi na kusuka mikanda. Nikiuona mkono unaowasha, basi, yamekwisha. Usigombane na watu.

Changsha siwezi kuja, nani atamgeuza Mama? Nalala upenuni, nje. Hewa ni nzuri.

Kuna jambo moja la mazishi nilitaka kukuuliza. Basi, siku nyingine.

Yuecheng

*

Changsha, 30 Oktoba 1986

Mdogo wangu,

Hatujambo, kikohozi kimehamia kwangu. Mpe Mama tangawizi na ufuta niliotuma na jirani wa kiwandani, na umwambie asiwagawie wanawake wanaokuja kumtazama anavyokonda.

"Hewa ni nzuri." Yuecheng, mimi nilikubeba mgongoni mpaka ulipoweza kukimbia kuliko mimi, usiniuzie hewa. Hulali upenuni mwezi wa kumi kwa ajili ya hewa. Hulali ndani kwa sababu ndani kumejaa baruti! Vitanda vimepakana na mapipa, harufu ya vita iko kwenye mito, na mke wako anasuka milipuko pembeni mwa mtoto. Halafu unaniambia fataki si tabu. Hivyo ndivyo mnavyofundishwa: askari hana tabu, ana hewa nzuri.

Jambo lako la mazishi ulilotaka kuniuliza nalijua, na jibu lake ni hili. Nimemwandikia Babu wa Tisa. Nimemweleza kwamba desturi ya kumpokea kila mgeni wa msiba kwa mkanda wa fataki, huku mwana amepiga magoti moshini, haikushuka kutoka mbinguni. Imeletwa na watu, na watu hao wanauza fataki. Kila anayekufa kijijini petu ni tangazo la biashara. Nimemwambia kwamba kijiji kilichompeleka kijana vitani kwa ngoma hakina haki ya kumpasulia baruti masikioni anapomlilia mama yake. Na nimemwambia kwamba akikataa, nitaliandika suala hili gazetini, na jina lake nitaliandika kwa hati nzuri.

Mengine ya siku hiyo ni madogo: kuwapigia wageni magoti, kubeba picha, kulipasha kaburi joto kabla jeneza halijashuka. Hayo yanataka magoti na mgongo tu. Utayaweza.

Ruizhen

*

Kijijini, 17 Desemba 1986

Dada,

Salamu kwenu nyote. Baridi imekuja. Mama sasa hali ila maji ya uji. Xiaoman anamchania nywele na kumwambia "Bibi, usitingishike, wewe mtoto gani?"

Umeshinda. Babu wa Tisa alikuja na barua yako mfukoni. Hakuitoa, lakini mkono wake ulikuwa ukiipapasa. Akakaa kitandani kwa Mama.

"Mkwe," akasema, "binti yako ana mdomo."

"Aliutoa kwa baba yake."

"Asiyepigiwa fataki huwa kama mgeni aliyekosa wa kumfungulia mlango. Watu watasema hukuzaa."

Mimi nilikuwa nje ya dirisha, nasokota. Mama akasema, "Nizikeni kimya. Masikio yangu yamechoka. Huyu mtoto asimame, hilo ndilo nataka. Asimame mpaka mwisho, jina lake likae kwenye jiwe."

Qiulian amekasirika. Wanawake anaosuka nao wanamuuliza kama na fataki za harusi ya Xiaoman tutazifuta ili baba yake asishtuke.

Tangu siku hiyo, mchana, Mama huomba fataki moja ndogo ilipuliwe uani ili aisikie. Moja tu. Mimi ndiye ninayewasha. Mkono hautetemeki. Nilitaka ulijue hilo.

Njoo mapema ukiweza.

Yuecheng

*

Telegramu, 11 Januari 1987

MAMA AMEFARIKI ASUBUHI. NJOO.

*

Kijijini, 20 Februari 1987

Dada,

Natumaini ulifika salama na kikohozi kimepungua. Mwaka Mpya umepita. Hatukubandika karatasi nyekundu mlangoni kwa sababu ya msiba. Qiulian amempeleka Xiaoman kwao kwa muda. Amesema ni kwa sababu ya baridi. Nilizisuka mwenyewe fataki za mwezi wa kwanza, zimetoka kombokombo, mnunuzi amezipokea bila kusema neno.

Ndilo hilo nataka kukuuliza. Mnunuzi yule hupiga kelele hata kwa utambi mmoja uliolegea. Sasa hasemi. Nikiingia dukani watu wanakumbuka kazi zao. Juzi Babu wa Tisa aliniletea chai ya tangawizi na maharage, akaibeba mwenyewe, akainywa nami akitazama sakafu. Mzee huyu hajawahi kumpelekea mtu chai. Nimeogopa.

Dada, nakumbuka tulivyompandisha Mama mlimani. Nakumbuka picha yake mikononi mwangu na theluji kidogo kwenye kioo. Kushuka sikumbuki. Nakumbuka nikiwa upenuni, umenivua soksi, maji ya moto kwenye beseni, na wewe unaninawisha mikono. Katikati hakuna kitu.

Nilifanya nini?

Yuecheng

*

Changsha, 26 Februari 1987

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Kikohozi kimekwisha. Mpwa wako amefundisha darasa lake la kwanza la majaribio, na mtoto mmoja akamwambia ana sauti kama ya kuku. Shemeji yako amenunua viatu. Mvua inanyesha, nguo hazikauki.

Yule daktari kijana anakuulizia. Ana subira, hapendi vidonge.

Mazishi yalikwenda vizuri. Mama amezikwa mahali pazuri. Usijisumbue na mambo ya katikati. Uchovu hufuta mambo. Kula vizuri.

Ruizhen

*

Kijijini, 3 Machi 1987

Dada,

Tangu nijue kusoma, hii ni barua yako ya kwanza isiyogombana na mtu. Hata mvua hukuitukana. Sasa nimejua kwamba ni jambo baya.

Vidole vyangu viwili havina kucha. Zinaanza kuota. Kitu gani kiliziondoa?

Mkilificha jambo hilo, naishi nalo usiku na mchana na siijui sura yake. Wewe ndiye uliyeniandikia kwamba jambo lipewe jina. Nipe.

Jina langu liko kwenye jiwe? Mlimani siwezi kupanda kutazama, na sijui kwa nini siwezi.

Yuecheng

*

Changsha, 12 Machi 1987

Yuecheng,

Salamu kutoka kwa wote. Nimeanza barua hii mara nyingi na karatasi nimezitia motoni. Keti. Kama Qiulian hajarudi, keti nje.

Ulisimama. Hilo liandike kichwani kwanza. Wageni walikuja asubuhi nzima, hakuna fataki hata moja, na wewe ulimpigia magoti kila mmoja juu ya mawe yenye baridi. Ukimya ule ulikuwa kitu kibaya. Sikujua ungekuwa vile. Watu walikuwa wakiingia kama wezi, hawajui waweke wapi mikono yao. Wanawake walilia kwa sauti ya chini kwa kuona aibu. Mimi nilisimama mlangoni nikijiona mshindi.

Tukapanda. Ulibeba picha. Kaburi lilikuwa limechimbwa tangu jana yake, udongo mwekundu, na theluji ilikuwa imeyeyuka ikaulowesha. Wabebaji wakaweka jeneza juu ya magogo. Babu wa Tisa akasema, "Mwana ashuke alipashe joto."

Ukanipa picha. Ukavua viatu. Ukanitazama. Yuecheng, ulinitazama kwa muda, kama mtu anayengoja aambiwe kitu, na mimi, ambaye nina maneno kwa kila mtu aliye hai na waliokufa, nilikuonyesha kwa kidevu: nenda.

Ukashuka. Ukalala chali, kama inavyotakiwa, ili udongo usimpokee Mama ukiwa baridi. Ilitakiwa iwe kama mtu kuvuta pumzi chache, kisha unyoshe mkono uinuliwe. Hukunyosha. Ukageuka ubavu, ukaanza kuuparura ukuta wa kaburi kwa vidole. Mkono mmoja tu. Wa pili ulikuwa umekunja ngumi, umeushika hewani kama umeshika kitu. Ulikuwa unasema, si kwa kelele, ulisema kama mtu anayembembeleza mtoto: "Shika. Nimekupata. Guibao, shika, usiache."

Binamu zako wakaruka ndani. Ukampiga mmoja, ukamuuma wa pili. Nguvu zako hazikuwa za binadamu. Ilibidi wakufunge kwa kamba za jeneza, wakakuvuta juu nazo. Zile kucha zilibaki ukutani. Ulipofika juu ukanyamaza, na tangu hapo hukutoa sauti mpaka usiku.

Xiaoman aliona. Qiulian alimfunika uso, lakini alikuwa ameshaona. Ndiyo maana wamekwenda kwao. Si baridi.

Babu wa Tisa akamwita binamu yako mkubwa ashuke badala yako. Kijana yule akaanza kuvua viatu. Nikasema hapana. Nikavua vyangu.

"Ruizhen, wewe mwanamke."

"Nimeligundua hilo zamani, Babu."

"Binti aliyeolewa ni maji yaliyokwisha kumwagwa."

"Basi maji yamemwagikia kaburini. Yazoeni mkiweza."

Nikashuka. Nikalala pale ulipokuwa umelala. Udongo uliingia baridi mgongoni mpaka kwenye meno. Pande zote mbili ukuta unakugusa mabega. Juu kuna kipande cha mbingu, na kwenye ukingo vichwa vya watu, na matone ya tope yanakuangukia usoni moja moja. Nilipoyahisi matone yale nikayaona mambo yote kwa mara moja. Shimo la viazi. Upenu. Mke chini, mume juu. Na barua yako ya Oktoba: fataki si tabu, Dada. Ulikuwa umeniambia. Uliniambia kwa mkono wako, nami nilikuwa nimekwisha kumchagua adui wangu na sikutaka kubadilishiwa.

Mama aliacha fataki zake kwa ajili ya hoja yangu. Alizisokota maisha yake yote na akaenda bila hata moja. Hilo siwezi kulirudisha, na usiniandikie kwamba si kitu.

Jiwe lina jina lako. Babu wa Tisa mwenyewe alimwambia mchongaji. Nilipomuuliza sababu, alisema: "Mwana alishuka. Hakuna desturi inayosema lazima apande."

Sikuagizi kitu. Sisemi uje, sisemi usije. Guibao ni nani, usipotaka kuniambia, usiniambie.

Dada yako

*

Kijijini, 8 Aprili 1987

Dada,

Natumaini mnaendelea vizuri. Miche ya mpunga imetoka. Mpwa asijali sauti ya kuku, watoto wasikie tu. Qiulian na Xiaoman walirudi kabla ya Siku ya Kufagia Makaburi. Hayo nitayafikia.

Barua yako niliisoma nikaikunja, nikaenda mtoni nikakaa. Nilikuwa nimedhani nilimpiga Mama, au nililivunja jeneza. Nilikuwa nimejifikiria mabaya kuliko hayo. Kwa hiyo ahsante.

Nitasema mara moja. Kule mpakani hatukulala kwenye mahandaki. Kila mmoja alichimba shimo lake ubavuni mwa mlima, la kukaa magoti yakiwa kidevuni. Tuliyaita masikio ya paka. Mvua haikuacha, nguo zilioza mwilini tukazivua. Shimo la Guibao lilikuwa jirani na langu. Alikuwa mtu wa mzaha, aliwaita panya kwa vyeo vya jeshi. Baada ya mizinga mlima ulilegea, shimo lake likafunga. Mkono wake ulibaki nje. Nikaushika. Akanibana. Nikachimba kwa mkono mmoja, kwa sababu niliona nikiuachilia mkono wake atadhani nimeondoka. Alinibana kwa muda mrefu. Baadaye ikawa mimi tu ninayebana.

Kama ningeuacha mkono wake nikachimba kwa yote miwili. Hapo ndipo ninapoishia kila siku. Usiniulize tena, na yule daktari mwambie asiniulize siku ya kwanza. Nitakuja baada ya kupandikiza mpunga, lakini chumba chake kiwe na dirisha, na mlango usifungwe.

Mama yake Guibao aliniandikia akitaka kujua kama mwanawe aliumia. Sijamjibu. Nifundishe cha kumwandikia.

Qiulian alirudi jioni na mtoto mgongoni na mkeka kichwani. Nilikuwa upenuni. Akautandika kando ya wangu.

"Unafanya nini?"

"Nalala. Hewa si nzuri?"

"Mtoto atapata baridi."

"Basi sogea."

Ndiyo yote tuliyozungumza. Mbu wakija sijui tutafanyaje. Usiku wa pili niliamka nimemkaba mkono mpaka umevimba, na hakuuvuta. Amevaa mikono mirefu tangu hapo. Nakwambia ili usidhani nimepona kwa sababu umeniambia.

Siku ya Kufagia Makaburi tulikwenda. Nilifika mpaka kwenye mti wa kafuri ulioanguka, pale njia inapokatika. Miguu ikakataa. Si kwamba niliogopa kitu, Dada, miguu haikuwa yangu. Juu ya mlima ule na milima yote watu walikuwa wakifyeka majani makaburini, na kila aliyepita alinikuta nimesimama njiani na kapu la vyakula, mwana aliyeandikwa kwenye jiwe. Binamu niliyemuuma alipita, akanigusa bega, akaendelea.

Qiulian akanipokonya kapu. Akapanda na Xiaoman. Niliwaona wakifagia, wakipanga wali na nyama ya moshi, wakiinama. Kisha Qiulian akasimama akageuka, akaweka mikono mdomoni, na unajua sauti yake.

"Wee Yuecheng! Mama anauliza, umekula?"

Watu waliacha mafyekeo. Babu wa Tisa alikuwa kwenye kaburi la kaka yake, akavua kofia.

Nikaikunjua ngumi niliyokuwa nimeikunja. Nikapaza sauti ambayo sijaitoa tangu nirudi.

"Nimekula, Mama!"

Sikuwa nimekula.

Yuecheng